Safari ya Kwanza ya Meli Pamoja na Marafiki: Hesabu Itangulie Furaha



Wiki hii safu yetu inajibu barua ya akina mama sita waliosoma pamoja sekondari miaka mingi iliyopita. Watatu kati yao wameolewa na kuishi Mbeya, na watatu wako Iringa. Hakuna hata mmoja aliyewahi kupanda chombo cha baharini. Wamekubaliana kwamba kabla umri haujawaelemea, wasafiri pamoja kwa boti kutoka Dar es Salaam kwenda Unguja, wakae siku chache, kisha warudi kwa familia zao. Wanauliza mambo matatu: waanzie wapi kupanga, wachange kiasi gani, na wafanye nini kuhusu mwenzao mmoja, mjane anayeuza mchele sokoni, ambaye kila habari ya safari inapotajwa yeye hunyamaza.

Swali la tatu ndilo zito, na tutalifikia. Lakini haliwezi kujibiwa kabla ya mawili ya mwanzo, kwa sababu ukimya wa mtu mara nyingi ni jibu la hesabu ambayo wengine hawajaifanya.

Kusafiri kwa ajili ya kuona nchi na kuimarisha udugu ni jambo jema, maadamu hakuna israfu wala haki ya mtu inayovunjwa nyumbani. Wala safari ya majini si jambo geni kwetu. Mababu zetu waliokwenda kuhiji kabla ya zama za ndege walivuka bahari kwa majahazi na meli, wakijiwekea akiba kwa miaka. Walijua kwamba anayetoka nyumbani bila hesabu huwa mzigo kwa wenzake njiani.

Ni safari ipi hasa?

Neno "safari ya meli" hubeba mambo mengi, na kila moja lina gharama yake. Kuna meli kubwa za anasa, zilizo kama mji unaoelea, ambazo hutia nanga Unguja, Dar es Salaam na Mombasa zikiwa na watalii kutoka ng'ambo. Baadhi ya vijana wetu wameziona katika simu na huwauliza wazazi wao kwa nini nasi tusipande. Inafaa kujua zinavyotoza. Bei inayotangazwa kwa kawaida ni ya mtu mmoja katika chumba cha watu wawili, hivyo anayelala peke yake hulipa zaidi. Bei hiyo hujumuisha malazi na chakula, lakini kodi za bandari, bakhshishi za wahudumu, vinywaji, intaneti na matembezi ya nchi kavu mara nyingi hulipwa kando. Ongeza pasipoti, viza na nauli ya ndege hadi bandari ya kuanzia. Tena nyingi zina baa na kumbi za kamari, na chakula cha halali hakipatikani bila kuulizia mapema. Hatusemi ni haramu kuipanda. Tunasema kuna somo moja ndani yake linalotufaa hata sisi tunaokwenda Unguja: bei ya tiketi si bei ya safari.

Upande wa pili kuna safari iliyo karibu kabisa na nyumbani, nayo wengi huisahau. Kutoka Mbeya mtu hushuka kupitia Tukuyu hadi Kyela, na hapo ziko bandari za Itungi na Kiwira katika Ziwa Nyasa. Meli ya MV Mbeya II, yenye uwezo wa kubeba abiria 200 na mizigo tani 200, ilijengwa kwa ajili ya mwambao huo, kuelekea Matema, Lupingu, Manda, Liuli hadi Mbamba Bay. Milima ya Livingstone huinuka kutoka ukingoni mwa maji, na ziwa lenyewe lina kina cha takriban mita 700. Familia ambayo mfuko wake haufiki Unguja ina bahari yake mlangoni. Sharti ni kuulizia ratiba katika ofisi ya bandari Kyela kabla ya kutoka nyumbani, kwa sababu ratiba ya ziwani hubadilika kwa hali ya hewa na kwa matengenezo ya chombo.

Akina mama wetu wameichagua Unguja, basi tuwafuate huko.

Kalenda tatu

Anayetoka Nyanda za Juu Kusini kwenda baharini hana budi kuweka kalenda tatu mezani.

Ya kwanza ni ya upepo. Kusi huvuma kuanzia Aprili hadi Septemba, na huwa na nguvu Juni na Julai. Kaskazi huvuma kuanzia Desemba hadi Machi. Katikati yake, Oktoba na Novemba, bahari kwa kawaida hutulia. Kwa mtu ambaye hajawahi kuonja mawimbi, tofauti ya Julai na Oktoba ni kubwa.

Ya pili ni ya shamba na shule. Mahindi na mpunga huvunwa kuanzia Mei na Juni, na fedha huanza kuonekana mkononi miezi inayofuata. Kufikia Novemba na Desemba kuna mbegu na mbolea. Januari kuna ada, sare, madaftari na viatu. Mama anayepanga safari ya Januari, hata kama bahari ni shwari, anaiweka safari yake shingoni mwa mtoto wake.

Ya tatu ni ya Hijria, ambayo hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka ikilinganishwa na ile ya kawaida. Hivyo Ramadhani na Idi hazikai mwezi mmoja. Siku za kuelekea Idi, pamoja na likizo za Juni na Desemba, bandari hujaa watu na nyumba za wageni hupanda bei.

Ukizisoma kalenda hizi kwa pamoja, utaona kwamba nusu ya pili ya Oktoba inawafaa hawa mabibi: mavuno yameuzwa, mbolea bado, ada bado, na kusi imelegea. Kundi jingine lenye waajiriwa wa serikali au walimu laweza kufikia jibu tofauti. Muhimu ni kwamba tarehe itokane na kalenda hizo tatu, isitokane na msisimko wa siku moja.

Makadirio ya mtu mmoja

Tuseme safari ni ya siku 6 na usiku 5. Siku ya kwanza ni basi kutoka Mbeya kupitia Makambako, Iringa, mteremko wa Kitonga, Mikumi na Morogoro, kisha kulala Dar es Salaam. Siku ya pili ni boti asubuhi. Usiku 3 ni Unguja. Siku ya tano ni kurudi Dar es Salaam na kulala, na ya sita ni basi la kurudi nyumbani. Takwimu zifuatazo ni mfano wa kuonesha njia; kabla hamjaziandika katika daftari lenu, mmoja wenu apite katika ofisi za mabasi na za boti aulize nauli za siku hiyo.

Nauli ya basi Mbeya hadi Dar es Salaam, kwenda na kurudi: shilingi 120,000.
Nauli ya boti, kwenda na kurudi: shilingi 70,000.
Malazi ya usiku 5, watu wawili chumba kimoja: shilingi 125,000.
Chakula cha siku 6, shilingi 15,000 kwa siku: shilingi 90,000.
Daladala, teksi na matembezi ya Unguja: shilingi 80,000.
Zawadi za nyumbani: shilingi 50,000.
Makato ya kutuma na kutoa fedha kwa simu: shilingi 10,000.
Fungu la dharura: shilingi 55,000.

Jumla ni shilingi 600,000. Kwa miezi 12, ni shilingi 50,000 kila mwezi.

Sasa tazameni jambo ambalo makundi mengi hulipuuza. Si kila gharama hapo ni ya pamoja. Boti, malazi, chakula, usafiri wa ndani na fungu la dharura ni vya pamoja, na jumla yake ni shilingi 420,000 kwa mtu. Basi, zawadi na makato ni vya mtu binafsi. Wale wa Iringa wako karibu zaidi na Dar es Salaam. Kama nauli yao ya kwenda na kurudi ni shilingi 80,000, basi jumla yao ni shilingi 560,000. Mkichanga wote 600,000 katika mfuko mmoja, wa Iringa watakuwa wamewalipia wa Mbeya bila kuulizwa. Leo watacheka, siku ya hesabu watanung'unika. Kwa hiyo mfuko wa pamoja uwe wa yale ya pamoja tu, yaani shilingi 420,000 kwa kila mmoja, nayo kwa watu sita ni shilingi 2,520,000. Yaliyobaki kila mtu ajiwekee mwenyewe.

Nauli ya nchi kavu yaweza kupunguzwa. Wa Mbeya wanaweza kuulizia treni ya TAZARA, reli ya kilomita 1,860 iliyojengwa kwa msaada wa China na kukabidhiwa mwaka 1976. Safari yake ni ndefu, karibu siku nzima au zaidi, hivyo anayeichagua asikate tiketi ya boti ya asubuhi inayofuata. Reli hiyo hupita Makambako na Mlimba na haifiki Iringa mjini. Kwa hiyo wa Iringa wangelazimika kwenda Makambako kuwasubiri wenzao. Wanaopenda wanaweza pia kuishia Morogoro kwa basi na kupanda treni ya umeme iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwaka 2024.

Mwisho wa hesabu, swali la waume na maharimu. Wanazuoni wamelijadili kwa kirefu suala la safari ya mwanamke bila maharimu, na wametofautiana katika safari za kundi la wanawake waaminifu. Safu hii haitoi fatwa. Muulizeni sheikh wenu, na mzungumze na waume zenu mapema. Kwa upande wa bajeti, kila mwanamume atakayefuatana nanyi ni mtu kamili katika hesabu, mwenye nauli, kitanda na sahani yake. Wakija waume watatu, kundi ni la watu tisa na mpango wa vyumba unabadilika wote. Jambo hili liamuliwe mwezi wa kwanza wa kuchanga, si wiki ya mwisho.

Amana na daftari

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Nasi tumeamrishwa katika Suratul Baqara, aya ya 282, kuyaandika madeni na kuweka mashahidi. Ikiwa deni la watu wawili linaandikwa, mchango wa watu sita unastahili zaidi. Wala kuandika si kudhaniana ubaya. Kuandika humlinda mhazini kuliko kunavyomlinda mchangaji, kwa maana siku fedha zitakapotiliwa shaka, yeye ndiye atakayehitaji ushahidi.

Tunapendekeza haya. Wawepo watunzaji wawili, mmoja Mbeya na mmoja Iringa, na fedha zisiweze kutolewa bila wote wawili kuridhia. Zikae katika akaunti ya kundi, zisikae katika simu ya mtu mmoja, ambamo huchanganyika na fedha za sabuni na unga. Wanaojihadhari na riba wana njia: Amana Bank imekuwa ikifanya kazi kwa misingi ya Kiislamu tangu mwaka 2011, na baadhi ya benki nyingine kubwa nchini zimefungua madirisha ya aina hiyo. Kikoba cha safari kisigeuzwe kuwa cha kukopeshana kwa riba ili "fedha izae". Hata ukiacha hukumu ya dini, fedha iliyokopeshwa Agosti huenda isirudi Oktoba.

Kila mwisho wa mwezi mhazini asome daftari mbele ya wote, hata kwa simu: nani ameleta, kiasi gani, kimebaki kiasi gani. Na kabla ya shilingi ya kwanza kutolewa, yaandikwe majibu ya maswali manne. Je, mtu akijitoa kabla ya tiketi kukatwa? Arudishiwe fedha yake yote. Akijitoa baada ya tiketi kukatwa? Arudishiwe ile ambayo haijatumika, na ile ambayo mwenye boti au nyumba ya wageni atakubali kuirudisha. Mtu akifariki? Fedha ni mali yake, iende kwa warithi wake, wala isigeuzwe sadaka na kundi bila idhini yao. Fedha zikibaki baada ya safari? Zigawanywe sawa kwa sawa.

Tena, michango si lazima iwe ya kiasi kimoja kila mwezi. Mama anayetegemea mavuno anaweza kutoa shilingi 30,000 kwa miezi 7, kuanzia Novemba hadi Mei, ambayo ni 210,000. Kisha shilingi 78,000 kwa miezi 5, kuanzia Juni hadi Oktoba, ambayo ni 390,000. Jumla ni ile ile 600,000. Mwajiriwa hupokea mwisho wa mwezi, na mkulima hupokea mwisho wa msimu. Mpango usiolijua hilo humwita mkulima mdaiwa sugu kabla hajavuna.

Mwenzenu anayenyamaza

Sasa tuje kwa yule dada yenu muuza mchele. Mnauliza kama mmlipie au mwende bila yeye. Kabla ya yote mawili kuna jambo moja hamjalifanya: hamjamuuliza. Katika barua yenu ndefu mmeeleza anavyonyamaza, lakini hakuna mahali mliposema kwamba mmoja wenu alikwenda nyumbani kwake, akaketi naye peke yake, akamuuliza kwa upole. Swali la namna hiyo haliulizwi katika kundi la WhatsApp mbele ya macho kumi. Aende aliye karibu naye zaidi, na aende na daftari la makadirio, kwa sababu huenda anaogopa gharama asiyoijua. Huenda pia hataki kusafiri, ana mgonjwa nyumbani, au anaogopa maji, nanyi mnamhesabia umasikini ambao hakuutaja.

Ikidhihirika kwamba tatizo ni fedha, njia ya kwanza ni kuipima safari kwa kimo chake, badala ya kumvuta yeye afike kimo cha safari. Fanyeni hesabu tena. Mkikaa Unguja usiku mmoja badala ya mitatu, malazi yanapungua kwa shilingi 50,000 na chakula kwa 30,000. Jumla inashuka hadi shilingi 520,000. Mkianza kuchanga Julai na kusafiri Oktoba ya mwaka unaofuata, mnapata miezi 16. Mchango wa mwezi unashuka kutoka shilingi 50,000 hadi 32,500. Mmepoteza siku mbili za kutembea Forodhani na Mji Mkongwe, na mmempata rafiki yenu. Ni juu yenu kupima kipi kina thamani zaidi.

Njia ya pili ni zawadi. Anayetaka kumsaidia amsaidie kwa siri, mtu mmoja au wawili, na jambo hilo lisiingie katika daftari la kundi wala kutajwa njiani. Msaada unaotajwa wakati wa kugawana samaki mezani huliwa na masimbulio. Kama hamna hakika kwamba mtaweza kuufunga mdomo, bora msitoe.

Njia ambazo hatuzishauri ni mbili. Msimkopeshe kwa masharti yatakayomfanya awakwepe sokoni. Wala msimpe nafasi ya bure kisha mkamgeuza mpishi na mfuaji wa safari. Wapo wanaolifanya hilo kwa nia njema, wakidhani wanamhifadhia heshima kwa kumpa kazi. Lakini watu watano wakikaa baraza na mmoja akawa jikoni, hiyo si tena safari ya marafiki.

Na akisema hendi, aachwe kwa amani. Amwagwe kwa dua kama anavyoagwa yeyote, na akirudishiwa zawadi aletewe sawa na wengine.

Fungu la dharura na roho za watu

Tumeweka shilingi 55,000 za dharura, na tunajua kwamba wengi watakaosoma wataanza kupunguza hapo. Tunaomba msiliguse fungu hilo, na sababu yake ni nzito.

Nchi yetu imelia mara nyingi kwa ajali za majini. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza na mamia ya watu wakafa. Tarehe 10 Septemba 2011 MV Spice Islander ilizama kati ya Unguja na Pemba. Tarehe 18 Julai 2012 MV Skagit, iliyotoka Dar es Salaam, ilizama katika bahari iliyochafuka karibu na kisiwa cha Chumbe. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara. Katika misiba hii, kujaza watu kupita uwezo wa chombo ni neno lililorudiwa mara kwa mara. Vyombo vya leo kati ya Dar es Salaam na Unguja ni vya kasi na huvuka kwa takriban saa mbili, na mamlaka za usimamizi zipo pande zote mbili, TASAC kwa Bara na Mamlaka ya Usafiri Baharini kwa Zanzibar. Hata hivyo, abiria naye ana macho yake na uamuzi wake.

Sasa fikirini mtu aliyefika bandarini akiwa na nauli tu. Akiona chombo kimejaa, au bahari imechafuka na safari imeahirishwa hadi kesho, hana pa kulala wala cha kula. Mtu huyo hatakataa kupanda. Atajipa moyo, atasema Mungu ni mwema, na atapanda. Naye aliye na fungu la dharura anaweza kusema, "Tutakwenda kesho." Kwa makadirio yetu, usiku mmoja wa ziada ni shilingi 25,000 za kitanda na 15,000 za chakula, yaani 40,000, na bado zinabaki 15,000. Kutawakali kwa Mwenyezi Mungu huja baada ya kumfunga ngamia, na shilingi hizo 55,000 ndiyo kamba yenyewe.

Kwa hiyo pia, kubalianeni kabla ya safari kwamba mmoja wenu akisema moyo wake umekataa chombo fulani, wote watashuka, na hakuna atakayemcheka. Tiketi iliyopotea huandikwa katika daftari na kusahaulika.

Siku ya kuondoka

Tiketi ikatwe dirishani kwenye ofisi ya kampuni ya boti, au kwa njia rasmi inayotangazwa na kampuni hiyo. Vishoka huwatambua wageni wa bara kwa mbali, kwa makoti na kwa mabegi yao, na watakuja na lugha tamu. Jina katika tiketi lifanane na lile la kitambulisho, na kila mtu awe na kitambulisho chake mwenyewe. Ukifika ndani, jua jaketi okozi ziko wapi na mlango wa dharura uko upande gani, kabla ya kupiga picha. Mnaokuja na watoto, mmoja mmoja apewe mtu wa kumshika.

Wanaotoka kwenye miinuko ya Mbeya, mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, watalikuta joto la pwani ni kazi. Nguo ziwe nyepesi na za stara, na maji yanywewe kwa wingi. Mbu wa Dar es Salaam hawana huruma na watu wa baridi, hivyo ulizeni chandarua kabla ya kulipia chumba. Kwa kichefuchefu cha bahari, mle kidogo kabla ya kupanda, mketi katikati ya chombo ambapo mtikisiko ni mdogo, mtazame mbali pale maji yanapokutana na mbingu, na mwache kusoma simu. Tangawizi huwasaidia wengi. Mwenye mimba au anayetumia dawa za kila siku apite kwanza kwa daktari.

Kwa ibada, msafiri amepewa wepesi wa kupunguza na kukusanya swala. Boti ya asubuhi huwafikisha Unguja kabla ya Adhuhuri, na hapo misikiti haiko mbali. Basi refu ndilo linalohitaji mpango zaidi: ulizeni mapema litasimama wapi na kwa muda gani, na kila mmoja awe na udhu wake na mswala mwepesi mkononi.

Dada zetu, mmesubiri miaka mingi. Kusubiri miezi kumi na sita si kitu. Anzeni wiki hii kwa mambo mawili tu: mnunue daftari, na mmoja wenu aende kwa yule muuza mchele, akae naye, amuulize. Mtakachokiandika katika ukurasa wa kwanza kitategemea jibu lake.

Wabillahi tawfiq.